Mtaro wa Nusu kwa Nusu

3 Machi

Kikao cha kwanza kuhusu ukuta. Nimerudi kichwa kinanigonga, na sikunywa chochote huko ila maji ya Mwenyekiti yenye ladha ya birika.

Jambo lenyewe ni jepesi, ndiyo maana linaniudhi. Jengo letu limekaa chini ya kilima. Nyuma yake kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo wa kilima usituangukie. Mvua ikinyesha, maji hujikusanya nyuma ya ukuta, na tangu mwaka jana ukuta umeanza kutoa tumbo. Mwenyekiti alileta mhandisi. Mhandisi akautazama, akaugonga hapa na pale, akasema tuchimbe mtaro mmoja wa kina wa kuyatoa maji, uwe upande wa kushoto wa jengo au wa kulia, popote tunapopenda, lakini uwe umekamilika kabla mvua kubwa hazijaanza. Kisha akaondoka. Mtu mwenye akili zake huondoka.

Tatizo ni hilo "popote mnapopenda". Tuko nyumba sita. Mwenye jengo alipotuuzia, aliweka sharti kwamba kitu chochote cha wote kisiguswe mpaka wote tukubali. Hakusema wengi wetu, alisema wote. Alikuwa mcha Mungu, na nadhani alitufikiria mema tusiyostahili.

Mtaro ukipita kushoto, unapita chini ya dirisha la mtengeneza miwani, ambaye anapenda kuitwa Daktari, nasi humwita hivyo tukiwa na shida naye. Mimi na mama mkwe wangu, tukiwa wawili, tunamwita Bwana Ila, kwa kuwa hajawahi kumaliza sentensi bila neno hilo. Ukipita kulia, unapita mlangoni kwa fundi cherehani, mjane, mtu wa maneno machache.

Nilidhani tungemaliza kabla chai haijapoa.

"Mimi sina neno," akasema Bwana Ila, "ila vioo vyangu havitaki unyevu."

"Tusonge pamoja," akasema Mwenyekiti. Alikuwa mkuu wa stesheni kabla hajastaafu, na bado anadhani sisi ni mabehewa.

7 Machi

Mawingu tu. Nimesahihisha mitihani. Wanafunzi wangu hawajui hesabu za sehemu, lakini angalau wanajua kwamba hawajui.

10 Machi

Kikao cha pili, sebuleni kwa waokaji mikate, wa ghorofa ya kati. Wao ni mume na mke, na sharti linawahesabu kama sauti moja. Asiyewajua atacheka. Mume alisema kushoto. Mke akasema kulia, kisha akamgeukia mumewe, "Ulisema kulia jana tukikanda." Mume akasema jana alikuwa amechoka. Tukawangoja wakubaliane wao kwa wao, jikoni, mlango ukiwa umefungwa na sisi tukisikia kila neno.

Jirani yao wa ghorofa hiyo ni dereva wa lori. Hayupo kamwe. Anahudhuria kwa simu, inawekwa mezani katikati yetu na sote tunaiinamia kama tunaombea mgonjwa.

"Mimi nakubali wenzangu wakikubali," ikasema simu.

"Wenzako hawajakubali," nikamwambia.

"Basi wakikubali mnipigie."

Fundi naye akaulizwa. Alikuwa na sindano imechomekwa kifuani mwa blauzi, na macho yake yalikuwa mlangoni. "Mlichokubali nyinyi, mimi nimekubali," akasema.

Kuna watu wa aina mbili wanaonitia kinyaa, mwenye kupinga kila kitu na mwenye kukubali kila kitu. Jengo hili limenipa wote wawili, tena ghorofa moja.

17 Machi

Kikao cha tatu. Walizungumzia jina la kamati. Saa nzima.

18 Machi

Mama ameniuliza kwa nini bado nahudhuria. Huyu ni mama wa marehemu mume wangu, tumeishi wawili tangu tumzike, na haniulizi kitu asichokijua. Nilimwambia ni wajibu. "Si wajibu," akasema. "Unapenda kuwatazama wakiwa wajinga." Akaendelea kuchambua mchele.

24 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Tulikaa kwa Mwenyekiti huku mabati ya baraza yakipiga kelele hata kila mtu akawa anapiga ukelele, na kwa mara ya kwanza nikafurahi maana maneno mengine hayakusikika.

Bwana Ila alileta kioo kilichoota ukungu akakipitisha mkono kwa mkono. Alitaka tuone unyevu unavyofanya. Mke wa muokaji akasema nao unga wao unaharibika, mbona hawaleti unga kikaoni. Bwana Ila akasema hajakataa mtaro, "ila kwa nini usipite kulia, ambako hakuna mali ya kuharibika?"

Fundi alikuwa palepale. Ana cherehani mbili na vitambaa vya watu hadi darini. Nilimtazama nione kama atajibu. Alikuwa akipinda kona ya kitambaa cha meza cha Mwenyekiti kwa kidole, bila kujua, kama anakipima.

"Fundi, unasemaje?" akauliza Mwenyekiti. "Unakubali kulia?"

"Nakubali."

"Kwa moyo mmoja?"

"Ndiyo."

Nikadhani tumemaliza. Lakini muokaji mume akasema kulia kutaziba njia ya mkokoteni wake wa mikate, na simu ikasema kulia ndiko dereva anakoegesha lori lake akirudi.

"Unarudi lini?" nikaiuliza simu.

"Sijui bado."

25 Machi

Mvua. Maji yametoka chini ya ukuta, mekundu.

31 Machi

Kikao cha tano. Mwenyekiti amegundua kwamba hatupigi kura kwa sababu kura hugawa watu. Anataka tufike pamoja. Amesema "kufika pamoja" mara nyingi hata nimeanza kuchukia kufika popote.

Bwana Ila amehama msimamo. Kabla alikuwa anakataa kushoto. Sasa anakataa hata kuulizwa kuhusu kushoto. Anasema kila mtu anamtazama yeye kama ndiye aliyeumba mvua. Hapo hakukosea, ndivyo tunavyomtazama. Kumchukia kumekuwa kitu pekee tunachokubaliana, na kunatupa joto. Tukitoka kikaoni tunasimama ngazini, mimi na waokaji na Mwenyekiti, tunamwiga anavyosema "ila", na kwa dakika chache tunapendana.

2 Aprili

Nimeshuka nyuma kuuona ukuta kwa macho yangu. Tumbo limeongezeka, hasa upande wa kulia, mbele ya dirisha la fundi. Cherehani ilikuwa inakwenda ndani. Sikubisha hodi. Nilikuwa na vitabu vya kusahihisha.

7 Aprili

Leo tumekubaliana. Nitaandika ilivyokuwa, kwa sababu najua kesho kila mmoja atakuwa na yake.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi. Tulikaa kwa waokaji, nguo zimelowa mabegani, na nyumba inanuka chachu. Kila mtu alikuwa amechoka kiasi cha kukubali lolote, na mke wa muokaji ndiye aliyelitamka.

"Kwani lazima tuchague? Tuchimbe nusu huku, nusu kule. Mifereji miwili midogo. Hakuna wa kuumia peke yake."

Ungeona nyuso. Mwenyekiti alifumba macho kama aliyesikia treni yake ikiingia kwa wakati. Muokaji akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo sijapata kuliona. Simu ikasema, "Hapo sasa mmesema." Mfereji mdogo haungeziba mkokoteni wala lori wala mlango, na haungepita karibu sana na dirisha.

Mimi nafundisha hesabu. Nilijua, kabla hajafunga mdomo, kwamba mifereji miwili ya kina cha goti si sawa na mtaro mmoja wa kina cha kifua. Maji yako chini kuliko goti. Ungeichimba hata kumi, yote ingepita juu ya maji bila kuyagusa. Mtoto wa darasa la tano angeliona. Nililiona, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nataka kwenda nyumbani, na kwa sababu, nikisema kweli, ilinipendeza kuwaona wakishangilia upuuzi.

Bwana Ila akasimama. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata leo.

"Hii ni mbaya kuliko kutochimba," akasema. "Mnakwenda kulegeza udongo wa chini ya ukuta pande zote mbili, na maji yatabaki palepale."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akasema, "Daktari, tulikuwa tumefika."

"Mmefika wapi?" akauliza. "Basi chimbeni kwangu. Mtaro wote, wa kina, kama alivyosema mhandisi. Pitisheni chini ya dirisha langu. Nimekubali kushoto."

Kwa wiki tano tulikuwa tunamwomba neno hilo. Ningetarajia tumrukie tumkumbatie. Badala yake chumba kikapoa. Tulikuwa tumeshapatana kwenye ile nusu kwa nusu, tumeshapendezwa na nafsi zetu, naye anakuja kutuvunjia.

"Sasa unataka turudi mwanzo," akasema muokaji.

"Anataka aonekane yeye ndiye aliyetoa," akasema mkewe.

"Mimi nimeshakubali ya nusu," ikasema simu. "Niko kwenye mizani hapa, watu wananipigia honi, msinirudishe nyuma."

Mwenyekiti akamwekea mkono begani, kwa upole, ule upole unaosukuma. "Ndugu yangu, wewe peke yako umebaki. Unataka uwe wewe ndiye uliyetuzuia? Mvua hii unaisikia."

Bwana Ila akanigeukia mimi. Bila shaka kwa kuwa mimi ni wa hesabu. "Mwalimu," akasema, "waambie."

Nikamwambia, "Daktari, keti chini tafadhali, tumechoka."

Akaketi. Akauliza kama kuna maji ya kunywa. Alipoulizwa mara ya mwisho, akasema amekubali, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno lolote mbele. Fundi aliulizwa baada yake, akasema mlichokubali nyinyi. Wote sita. Mwenyekiti alitushika mikono mmoja mmoja, macho yake yamelowa.

Nimemweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kulala bila kunitakia usiku mwema.

9 Aprili

Vibarua wamechimba. Kazi ya siku moja. Muokaji amewapa mikate.

13 Aprili

Mvua. Mifereji imejaa majani. Watu wanasalimiana ngazini kama ndugu wa harusi moja. Bwana Ila tu ndiye haonekani, madirisha yake yamefungwa.

18 Aprili

Mvua mchana kutwa. Shule imefungwa mapema. Nimesimama dirishani kutazama nyuma, na sioni ukuta, naona maji tu yakishuka kwenye mawe.

20 Aprili

Ukuta umeanguka leo, na leo jua liliwaka.

Ndilo lililotudanganya. Asubuhi anga lilikuwa safi, watu wakatoa nguo na magodoro, mke wa muokaji alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa jikoni na Mama. Hatukusikia kishindo kama wanavyosimulia watu. Tulisikia kitu kama lori linamwaga kokoto, taratibu, likachukua muda, kisha vyombo vikatikisika rafuni, kisha kimya. Mama akasema, "Fundi."

Nilishuka bila viatu. Upande wa kulia wote wa ukuta ulikuwa umelala ndani ya nyumba ya fundi. Dirisha halikuwepo tena. Udongo uliingia mpaka kwenye meza ya kukatia nguo, na juu ya udongo kulikuwa na gauni jeupe la mtu, safi kabisa, limetundikwa kwenye kiango chake.

Bwana Ila alikuwa ameshaingia. Alikuwa anafukua kwa mikono, amepiga magoti, miwani imemtoka. Fundi alikuwa hai. Alikuwa amekaa kitini pake, kichwa na kifua viko juu, lakini mkono wa kulia ulikuwa chini ya jiwe, pamoja na cherehani. Hakuwa analia. Alikuwa anatuambia tutoe kwanza lile gauni lisichafuke, maana mwenye gauni anaolewa kesho kutwa.

Tulilisukuma jiwe sote, mimi, waokaji, Mwenyekiti na magoti yake mabovu, Bwana Ila. Hakuna aliyeuliza tulisukumie upande gani.

21 Aprili

Wamemkata mkono, juu ya kiwiko.

24 Aprili

Nimekwenda hospitali. Wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, kila mpita njia anakigonga. Amepungua. Nilimpelekea machungwa, kisha nikaona ni zawadi ya kipumbavu kwa mtu wa mkono mmoja, nikakaa nikamenya.

Nikamwambia nilichojiandaa kumwambia, kwamba nililijua, kwamba mifereji ile haikufaa na sikusema.

Alitafuna kidogo. "Na mimi niliuona ukuta, Mwalimu. Kila nikiinua kichwa nauona umenikaribia."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaniuliza kama nakubali. Nikisema sikubali, tungekaa mpaka usiku, na mimi nilikuwa na nguo za watu." Akafikiri. "Wewe ulikuwa unanitazama kila nikisema nakubali. Nilikuwa naona unavyonidharau. Nikawa nataka kikao kiishe haraka zaidi."

Nikamenya chungwa lingine, ambalo hakuna aliyelitaka.

28 Aprili

Kikao. Naam, tumefanya kikao. Mkaguzi wa majengo anakuja, na Mwenyekiti anataka tuwe na kauli moja.

Kiti cha fundi kilikuwa kitupu, mke wa muokaji akaweka mkoba wake juu yake. Kauli ilikuwa tayari kwamba mvua ya mwaka huu ilizidi kipimo, tulichukua hatua zote tulizoweza, hakuna aliyejua wala ambaye angeweza kujua. Mwenyekiti aliitamka vizuri, kama tangazo la treni kuchelewa.

Waokaji wakakubali, safari hii bila kwenda jikoni. Simu ikakubali. Nikamtazama Bwana Ila. Viganja vyake vilikuwa bado vimefungwa bandeji kwa kule kufukua. Nilikuwa na uhakika atasimama.

"Nakubali," akasema, akitazama bandeji.

Hapo nilimdharau kuliko siku zote, na ilinichukua muda kuona kwamba dharau hiyo sina haki nayo. Alishasimama mara moja peke yake. Mimi ndiye niliyemkalisha. Mtu hasimami mara mbili mahali alipokalishwa hivyo.

"Mwalimu?" akasema Mwenyekiti.

"Sikubali."

Wakadhani sikusikia vizuri, Mwenyekiti akarudia kauli yote tangu mwanzo. Nikasema tena sikubali. Mke wa muokaji akaniuliza nataka nini hasa, nataka wafungwe, au nataka fundi arudishiwe mkono? Muokaji akasema mimi siku zote najiona. Hiyo ni kweli. Simu ikauliza ni nani huyo anayekwamisha.

Mwenyekiti akasema basi tutakaa mpaka tufike pamoja.

Tukakaa. Chai ililetwa ikapoa. Sikuwa na hoja ya kuwashawishi na sikuitafuta. Nilikuwa naogopa, jambo ambalo sikulitegemea. Watu watano wakikungoja ukubali, kiti chenyewe kinakuwa cha moto. Wiki tano zile nilimcheka mtu aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho.

Mwishowe mke wa muokaji alikumbuka unga wake, wakaondoka mmoja mmoja.

30 Aprili

Mkaguzi ni kijana mpole mwenye buti za matope. Mwenyekiti alimpa kauli yake kabla hajauliza. Nikamsubiri amalize, nikasema mhandisi alituambia nini, tulichimba nini, na kwamba mmoja wetu alisema wazi itakuwa hatari akajitolea upande wake, tukamnyamazisha.

"Nani alimnyamazisha?"

"Mimi. Nilimwambia akae chini."

Bwana Ila alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mkaguzi akamuuliza kama ni kweli. Nikadhani atasema hakumbuki.

"Ni kweli," akasema. "Ila kwa wiki tano kabla ya hapo nilikuwa nimekataa kwa ajili ya vioo vyangu."

Mkaguzi ameamuru mtaro wa kina upite kushoto, mara moja, na sharti la wote kukubali halina nguvu mbele ya amri yake. Imemchukua muda wa kunywa maji. Nyumba ya fundi imefungwa, hairuhusiwi kukaliwa.

2 Mei

Waokaji hawanisalimii. Mkate nanunua mtaa wa pili. Si mzuri.

5 Mei

Fundi ametoka hospitali. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kupita mlango kwa mlango kuuliza ni vipi tutagawana kumtunza, wiki kwa wiki au mwezi kwa mwezi, na kama atahesabiwa bado kuwa nyumba ya sita.

Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta Mama ngazini, anashusha pumzi, ameshika ncha moja ya godoro la kitanda changu. Ncha nyingine ilikuwa kwa Bwana Ila. Fundi alikuwa ameshaingizwa chumbani kwangu.

"Wewe utalala na mimi," akaniambia Mama. "Na hili tunalitoa, lina shimo, fundi tutamletea jingine."

Nikapokea ncha yake. Mwenyekiti akatokea mlangoni kwake, akatuuliza kama jambo hili sote tumeliridhia.

Mama akamwambia apishe njia, godoro ni zito.